Mshauri wa muda mfupi, mkaazi, wa kuazimwa au wa mbali: yupi aisaidie taasisi ya kupambana na rushwa kisiwani?

Taasisi ya kupambana na rushwa yenye watumishi sita haiwezi kusaidiwa kwa mtindo uleule wa taasisi yenye watumishi mia sita. Hata hivyo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa, ulioanza kutumika tarehe 14 Desemba 2005, hauangalii ukubwa wa nchi. Tuvalu, yenye watu wapatao 10,000, inadaiwa mambo yaleyale inayodaiwa Brazili: chombo cha kuzuia rushwa (ibara ya 6), chombo au watu mahsusi wa kuichunguza (ibara ya 36), utaratibu safi wa manunuzi (ibara ya 9) na ushirikiano wa kurejesha mali zilizoibwa (sura ya 5). Ibara ya 60 inazihimiza nchi zisaidiane kitaalamu, na hapo ndipo washauri waelekezi wanapoingia: anayekuja kwa siku chache, anayekaa kisiwani, ofisa anayeazimwa kutoka taasisi ya nchi nyingine, au timu inayofanya kazi ikiwa mbali.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mwenyekiti wa tume, katibu mkuu wa wizara au ofisa wa mfadhili anayetakiwa kuamua fedha chache ziende wapi. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema: visiwa vingi vinanunua karatasi ilhali vinapungukiwa mikono. Mikakati na miongozo ipo. Anayekosekana ni mtu wa kufungua jalada, kulisukuma na kulifikisha mahakamani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "tumlete nani?", andika jina la mtumishi wa kisiwani atakayeishika kazi hiyo siku mkataba utakapokwisha. Ukikosa jina la kuandika, tatizo lako ni ikama, yaani idadi ya watumishi, na hakuna mshauri atakayeliondoa.

| | Muda mfupi | Mkaazi | Wa kuazimwa | Wa mbali |
|---|---|---|---|---|
| Muda | Siku za kazi 15–40 | Miezi 12–24 | Wiki 6–12, hurudiwa | Siku chache kwa kila hitaji |
| Kazi inayomfaa | Rasimu za sheria, tathmini, uchambuzi wa mianya | Upelelezi, majalada, taratibu za ofisi | Ukaguzi, kesi moja, kuziba pengo | Kufuatilia fedha nje ya nchi, data, maombi ya msaada wa kisheria kwa nchi nyingine |
| Kinachoharibika | Sheria isiyo na wa kuitekeleza | Anageuka mtumishi wa kudumu | Ofisi yake nyumbani inabaki wazi | Siri kuvuja, mawasiliano kukatika |
| Sharti la kwanza | Siku za marekebisho ndani ya mkataba | Mamlaka ya kisheria kabla hajagusa jalada | Ridhaa ya kuja kutoa ushahidi baadaye | Njia salama ya kutuma nyaraka |

Mshauri wa muda mfupi

Wafadhili wanampenda kwa sababu bajeti yake ni rahisi kuandika: tiketi, posho, ada ya siku kadhaa, ripoti. Kwa kazi yenye mwanzo na mwisho unaoonekana, anafaa kweli. Chukua tathmini ya utekelezaji wa Mkataba: nchi hujaza orodha ndefu ya maswali ya kujitathmini, kisha hutathminiwa na nchi nyingine mbili, moja ikitoka katika kanda yake. Mtu aliyewahi kuipitia kazi hiyo anajua ni majibu yapi yanahitaji kesi za mfano, yapi yanahitaji takwimu, na yapi yatarudishwa kwa sababu yamenukuu sheria tu. Anafaa pia kuchambua mianya katika ofisi moja, kwa mfano utoaji wa leseni za uvuvi au forodha bandarini.

Katika mkataba wa siku 30, mgawanyo unaozaa matunda ni huu: siku 5 za kusoma sheria, bajeti na ripoti za ukaguzi kabla ya kusafiri, 12 za kuwa kisiwani, 8 za kuandika, na 5 za marekebisho baada ya wenyeji kuisoma rasimu. Mikataba mingi hulifuta fungu hilo la mwisho, na marekebisho yakabaki kuwa hisani ya mshauri. Pale ambapo ndege ni chache kwa wiki, hesabu kwamba safari ya siku 10 itakupa siku 6 za kazi, tena ikiwa hakuna sikukuu, msiba mkubwa wala kikao cha bunge.

Kinachoharibika zaidi ni kunakili. Rasimu iliyotolewa nchi kubwa huja na makamishna watano, kurugenzi nne na tamko la mali kwa kila mtumishi wa umma. Tonga ilitunga Sheria ya Kamishna wa Kupambana na Rushwa mwaka 2007, na zaidi ya miaka 10 ikapita bila kamishna kuteuliwa. Sheria peke yake haimleti mtu kazini. Dai kwamba kila rasimu iambatane na jedwali la ikama na gharama za miaka 3 ya mwanzo, na jedwali hilo lipitiwe na hazina kabla rasimu haijaenda bungeni. Muulize pia mshauri kama kazi hizo zinaweza kuunganishwa chini ya paa moja. Mauritius, kubwa kuliko visiwa vingi tunavyovizungumzia, iliamua hivyo: tume yake iliyoanza mwaka 2002 iliunganishwa na vyombo vilivyoshughulikia urejeshaji wa mali, na Machi 2024 Tume ya Makosa ya Kifedha ikaanza kazi.

Tamko la mali linastahili kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo ushauri mbaya hujionyesha haraka. Tuseme kisiwa kina viongozi 150 wanaopaswa kutangaza mali na madeni. Mshauri analeta fomu ya kurasa 12. Fomu zinajazwa, zinafungiwa kabatini, na mwaka wa pili hakuna anayezifungua. Fomu ya kurasa 3 inatosha ikiwa itahakikiwa: kila mwaka ofisi ichague fomu 15 kwa bahati nasibu, iongeze zile zenye dalili za hatari, na kila moja ilinganishwe na daftari la ardhi, daftari la kampuni, usajili wa magari na vyombo vya majini, na mikopo ya benki ikiwa sheria inaruhusu. Ofisa mmoja akitumia siku 2 kwa fomu, hizo 15 ni siku 30 za kazi, na hesabu hiyo ofisi ya watu sita inaimudu. Kumbuka pia kuwa katika jamii ndogo ardhi nyingi ni ya ukoo na boti husajiliwa kwa jina la mjomba. Fomu isiyouliza "nani anatumia?" pamoja na "nani anamiliki?" haitanasa kitu.

Mshauri mkaazi

Kama upungufu wako ni majalada yasiyosonga, huyu ndiye wa kutafuta, hata kama gharama yake inatisha. Upelelezi haufundishwi kwa semina ya siku tatu. Hufundishwa mtu akikaa kando ya mpelelezi, wakiandika pamoja mpango wa upelelezi: kosa ni lipi, vipengele vyake ni vipi, kila kipengele kitathibitishwa kwa ushahidi gani, nani atautafuta, lini. Ukurasa huo mmoja ukikosekana, maofisa hukusanya makaratasi kwa miezi na mwendesha mashtaka akalirudisha jalada.

Kazi kubwa ya mkaazi huwa kwenye vitu vinavyoonekana vidogo. Simu ya mshukiwa imekamatwa: mawasiliano yake yazimwe, iingizwe kwenye mfuko wenye namba ya lakiri, na namba hiyo iandikwe katika daftari la vielelezo pamoja na saa, mahali, na sahihi za aliyekamata na aliyepokea. Nakala ya data ichukuliwe kwa kifaa maalumu cha kunakili data za simu, na heshi ya nakala (namba ya utambulisho inayobadilika data ikiguswa) irekodiwe ili mahakama iweze kuthibitisha kwamba haikubadilishwa. Kabati la vielelezo liwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili. Sasa fikiria mtunza vielelezo amekwenda kisiwa cha nje mazikoni, simu ikalala siku mbili kwenye droo ya ofisa, na ofisa huyo ni binamu wa mshukiwa. Hata kama hakuigusa, wakili wa utetezi ana swali moja tu la kuuliza na kesi inalegea. Kwa hiyo taratibu za kisiwani lazima ziwe na mtunza vielelezo wa pili, ikibidi kutoka ofisi ya Mkaguzi Mkuu au polisi, aliyeteuliwa kwa barua kabla ya kuhitajika.

Sharti lisiloepukika ni mamlaka. Mshauri asiyeteuliwa chini ya sheria na asiyekula kiapo cha siri hana haki ya kuona jalada, kuhoji shahidi wala kukaa katika upekuzi. Akifanya hivyo, ushahidi utapingwa, na siasa itapata hoja yake: kwamba wageni wanawapeleleza viongozi wa nchi. Njia salama ni kumteua rasmi kama mshauri wa tume, kumwapisha, na kuandika waziwazi kwamba anashauri lakini hatii sahihi hati ya mashtaka, ombi la upekuzi wala barua kwa benki.

Hatari yake ya pili ni kuzoeleka. Kwa vile anajua kazi na yupo kila siku, jalada gumu linapelekwa mezani kwake, kisha la pili, kisha yote. Gawa muda tangu mwanzo. Katika mkataba wa miezi 15, miezi 6 ya kwanza afanye pamoja na maofisa, miezi 6 inayofuata wafanye wao na yeye akosoe, na miezi 3 ya mwisho asiguse jalada lolote. Apewe maofisa wawili wa kujifunza kwake, kwa sababu mmoja akihamia kampuni binafsi, ujuzi wote unaondoka naye. Tofauti ya malipo kati ya mshauri na maofisa nayo huumiza roho. Haiondoki, lakini hupungua pale mkuu wa ofisi anapowaeleza watu wake mapema nani analipa, kwa kazi gani na hadi lini.

Ofisa wa kuazimwa

Aina hii hupuuzwa, na kwa maoni yetu ndiyo inayopaswa kufikiriwa kwanza na nchi ndogo kabisa. Ofisa wa taasisi ya kisiwa kingine anajua maana ya kumchunguza mtu mnayesali naye kanisani au msikitini. Anajua kuendesha ofisi isiyo na kitengo cha teknolojia. Wakaguzi wa hesabu za serikali walishaonyesha njia: kupitia umoja wa taasisi za ukaguzi za Pasifiki, Kiribati, Nauru na Tuvalu ziliunganisha wakaguzi wao wakakaguana kwa timu ya pamoja. Palipokuwa na watu wachache kila upande, pakapatikana timu yenye kimo na isiyo na undugu na wanaokaguliwa. Kwa upande wa rushwa ipo mitandao ya kuanzia mazungumzo, kama umoja wa vyombo vya maadili na kupambana na rushwa wa Karibiani ya Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa mwaka 2015, na kituo cha Jumuiya hiyo kwa Afrika kilichopo Gaborone tangu 2013.

Angalia ukoo wa sheria. Kwa kazi ya kuzuia rushwa, ofisa wa nchi yoyote anaweza kusaidia. Kwa upelelezi na mashtaka, mtu aliyelelewa na mwenendo wa jinai wa Kiingereza atapata shida Komoro, ambako sheria inafuata mkondo wa Kifaransa na uchunguzi unaweza kuongozwa na hakimu. Tofauti hiyo haigunduliki kwenye wasifu wa mtu. Hugunduliwa pale ushahidi alioukusanya unapokataliwa.

Makubaliano ya kuazimana hayahitaji kurasa nyingi, lakini yajibu haya: mshahara unaendelea kulipwa na nani, bima na matibabu ni ya nani, anayemwadhibu akikosa ni nani, ofisi yake nyumbani itazibwa vipi, na je, atarudi kutoa ushahidi? Hili la mwisho husahaulika karibu kila mara. Kesi ya rushwa inaweza kusikilizwa miaka miwili baada ya ofisa kurudi kwao. Ikiwa yeye ndiye aliyepokea kielelezo, bila yeye kielelezo kinaning'inia. Weka fungu la tiketi na kibali cha mwajiri wake kwa maandishi, au panga kuanzia siku ya kwanza kwamba kila kielelezo kipokelewe na ofisa wa kisiwani na mgeni ashuhudie tu.

Shinikizo la kidiplomasia nalo lipo. Serikali mbili zinazotegemeana kwa meli, ndege au mikopo zinaweza kumwita ofisa nyumbani "kwa majukumu mengine" jalada linapomkaribia mkubwa. Muda mfupi unaorudiwa, wiki 8 kisha wiki 8 nyingine, hupunguza madhara, kwani kila awamu huishia pahali ambapo mwenyeji anaweza kuendelea peke yake.

Timu ya mbali

Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini fedha zilizofichwa hazikai kisiwani, na kwa kuzifuata hizo umbali si tatizo. Kusoma taarifa za benki za nchi tatu, kuchora mtandao wa kampuni zenye wamiliki wa jina tu, kuandika ombi la msaada wa kisheria ambalo nchi yenye fedha haitalirudisha: kazi hizi hujitokeza mara chache, na kisiwa hakiwezi kuajiri bingwa wa kila mojawapo. Kwa urejeshaji wa mali upo mpango wa pamoja wa Benki ya Dunia na Umoja wa Mataifa ulioanza 2007, na kituo cha kimataifa cha urejeshaji mali kilicho chini ya taasisi ya utawala bora ya Basel, Uswisi. Waulizwe hao kabla ya kutangaza zabuni.

Faida nyingine ni kwamba mtaalamu wa mbali hana shemeji kisiwani. Maombi ya msaada wa kisheria hukwama mara nyingi kwa kukosa kiungo kati ya kosa na akaunti: ombi linaeleza rushwa kwa kurasa kumi, halafu linaomba "taarifa zote za benki". Mtaalamu mzuri atakulazimisha uandike namba ya akaunti, tarehe, kiasi, na sentensi moja inayosema kwa nini malipo hayo yanahusiana na kosa.

Kinachoharibika ni njia ya mawasiliano. Januari 2022 mlipuko wa volkano ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai ulikata kebo ya baharini ya Tonga, na kisiwa kikuu kikakaa wiki tano hivi kabla ya kuunganishwa tena. Ofisi iliyoweka majalada yake yote kwenye seva ya nje ingekuwa imejifungia mlango. Nakala moja kamili, iliyofungwa kwa nywila, ikae kisiwani daima. Nyaraka za jalada zisipite kwenye barua pepe za kawaida wala vikundi vya simu. Ziwekwe kwenye hifadhi iliyosimbwa, yenye daftari la nani alifungua nini, na ruhusa zifungwe siku mkataba unapokwisha. Usimtumie mtaalamu jina la mtoa taarifa hata kidogo. Halihitaji.

Kabla ya kuchagua mtu, chagua ofisi

Wafadhili huelekeza msaada kwenye tume kwa sababu ndiyo yenye neno "rushwa" kwenye bango. Lakini mwaka 2015 Vanuatu, bila tume ya namna hiyo, iliwatia hatiani wabunge 14 kwa hongo. Spika, mmoja wa waliotiwa hatiani, akiwa anakaimu urais wakati Rais Baldwin Lonsdale yuko nje ya nchi, alijisamehe yeye na wenzake. Rais aliporudi aliufuta msamaha huo. Kazi ilifanywa na polisi, waendesha mashtaka na mahakama, na jaji aliyesikiliza kesi, Mary Sey, ni raia wa Gambia. Nchi yenye mwendesha mashtaka mmoja anayejua makosa ya kifedha itafaidika zaidi kwa kumwongezea msaidizi wa kuazimwa kuliko kwa mkakati mpya wa tume.

Tume pia zinaweza kufutwa. Komoro iliunda yake kwa sheria ya 2008. Mwaka 2016 ilivunjwa kwa amri ya rais. Kwa hiyo kila utaratibu unaoandikwa na mshauri uwe na nakala zinazotumika katika ofisi zaidi ya moja: kwa Mkaguzi Mkuu, kwa mwendesha mashtaka, kwa kitengo cha kuchunguza miamala ya fedha.

Ukitulazimisha kupendekeza kwa taasisi yenye watumishi chini ya 10, tungeanza na ofisa wa kuazimwa kwa wiki 8 akae na majalada matatu yaliyokomaa zaidi, timu ya mbali kwa siku 10 zitakazotumika kadiri fedha zinavyoonekana nje, na mshauri wa muda mfupi baadaye, pale kesi hizo zitakapokuwa zimeonyesha sheria inapungua wapi. Mkaazi aje ikiwa majalada yanazidi 15 na kuna maofisa wawili wa kukaa naye.

Ndani ya mkataba

Hadidu za rejea ziseme matokeo, si shughuli. "Kutoa mafunzo kwa maofisa 6" kunapimika kwa orodha ya mahudhurio tu. "Majalada 3 yamefikishwa kwa mwendesha mashtaka yakiwa na mpango wa upelelezi na daftari la vielelezo lisilo na pengo" kunampa mshauri kazi ya kweli.

Kwenye zabuni, uwiano wa 80 kwa ubora na 20 kwa bei unafaa, maana ukiupa bei uzito mkubwa utampata mwenye rasimu ya kunakili. Mwombaji alete sampuli ya kazi iliyofutwa majina. Alete pia orodha ya benki, kampuni za uwakala na ofisi za mawakili alizozifanyia kazi kwa miaka 5 iliyopita. Visiwa vingi huuza usajili wa kampuni, bendera za meli au uraia, na anayekushauri leo anaweza kuwa jana aliwashauri wale utakaowachunguza kesho. Aliyeandika mahitaji ya mfumo wa kielektroniki wa matamko ya mali asiruhusiwe kuuza mfumo huo, wala kampuni yenye uhusiano naye.

Malipo yafuate kazi: asilimia 10 kwa mpango wa kazi, 30 kwa rasimu au hatua ya kwanza ya majalada, 40 kwa kazi iliyokubaliwa, na 20 zishikiliwe. Hizo 20 zilipwe miezi 6 baada ya mkataba, mshauri anaporudi au kupiga simu kwa siku 3 zilizotengwa, akapitia na maofisa majalada yaliyosogea na yaliyokwama, kisha akaandika kurasa 2 zinazosema kila lililokwama limekwama mezani kwa nani.